Unasomesha watoto bure mtaani kwenu? Iandike kwenye fomu ya skolashipu

Kila matokeo ya Form Six yakitoka simu yangu inajaa mesiji za wadogo zangu wa Wete, Konde na Micheweni, na karibu wote wanauliza suala moja: dada, nina Division One, kuna skolashipu gani ya nje? Nikiwauliza mbali na skuli unafanya nini, jibu ni "sifanyi kitu, nipo tu nyumbani". Mimi nimesomeshwa na udhamini ulioangalia kazi za kujitolea pamoja na alama, na tangu nirudi nasaidia wengine kujaza fomu, na nakwambieni kweli sijamuona kijana wa Pemba ambae yupo tu nyumbani.

Kuna binti mmoja alinijia na esei yake, mstari wa mwanzo kaandika "Mimi ni kijana ninayependa sana kuisaidia jamii yangu". Nikamwambia weka hiyo karatasi, nielezee wiki yako. Kumbe kila siku baada ya alasiri anasomesha hesabu watoto wa msingi kwenye banda la madrasa, halipwi hata shilingi, na ana daftari kubwa lenye majina yao, nani hajafahamu sehemu, nani kaacha kuja na kwa nini. Baadhi yao walikuwa wanapotea siku za bamvua, bahari ikitoka sana, kwa sababu wanakwenda kwenye mashamba ya mwani na mama zao, basi yeye akawapangia vipindi vyao siku za maji mafu, bahari ikiwa haitoki sana, ili wasiachwe nyuma na wenzao. Na hayo yote kwenye esei hayamo! Nikamwambia anza na bamvua, hiyo sentensi ya kuipenda jamii ifute kabisa, maana wanaosoma fomu wanaisoma kwa kila mtu.

Najua kinachowazuia wengi wenu. Ni kuogopa riya, yaani kufanya kheri ili uonekane na watu. Tumelelewa kwamba ukitoa kwa mkono wa kulia wa kushoto usijue, sasa unaambiwa ukaandike mambo yako ya kheri uwapelekee watu wa Uingereza, moyo unakataa. Na mimi ulinikataa. Nilimuuliza ustadhi wangu akanambia umeulizwa, jibu ukweli, nia yako anaijua Mola. Tokea hapo nilichofanya ni kuandika zaidi kuhusu watoto na shida yenyewe, nikajitaja pale tu penye kazi niliyoifanya mimi kwa mkono wangu, na naona hata esei inakuwa nzuri zaidi hivyo.

Sasa udhamini wenyewe. Chevening ya Uingereza ni ya masta, yaani ya baadae ukishamaliza digrii ya kwanza, inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na kazi za kujitolea zinahesabiwa humo, ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani ukae si chini ya miaka 2. Mastercard Foundation wana programu yao tokea 2012, inapita kwenye vyuo wanavyoshirikiana navyo na vingine vipo hapa hapa Afrika, wanaangalia uwezo wa masomo, hali ya maisha na moyo wa kuirudishia jamii, na maombi unapeleka kwenye chuo husika kwa hiyo usikae ukisubiri fomu moja. Marekani kuna Bonner, ilianzia Berea College kule Kentucky mwaka 1990, na huko kujitolea hakuishii kwenye fomu, mwanafunzi anaendelea kuitumikia jamii kama saa 10 kwa wiki huku anasoma. Hapa kwetu usichanganye mambo, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar inatoa mkopo na mkopo unarudishwa, na Samia Scholarship inaangalia ufaulu wa juu wa sayansi. Omba na huko pia ukiwa na sifa, ila kwa esei yako ya madrasa hapo si mahala pake.

Ukiziona hizo saa 2,800 za Chevening utafahamu kwa nini nawasisitizia daftari. Andika tarehe, ulifanya nini, kwa muda gani, na watu wangapi, siku ile ile kabla hujalala. Mtu aliepanda mikoko na wenzake mwaka mzima, akarudi kuangalia mingapi imeshika na kupandikiza iliyokufa, mimi namuona ana nguvu kuliko mwenye vyeti vya semina kila wiki na picha za tisheti za kusafisha ufukwe siku moja. Shika jambo moja, kaa nalo.

Barua za kumbukumbu nazo zinawaangusha watu. Wengi wanakwenda kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, na sheha wa watu anaandika kwamba huyu ni mkaazi wa shehia yangu na ana tabia njema, barua hiyo inafaa kwenye mambo ya ukaazi lakini haisemi umefanya nini. Nenda kwa mwalimu au ustadhi aliekuona kazini, mpelekee na daftari lako, na mpe wiki kadhaa si usiku wa dedlaini, na kama hana mazoea na kompyuta kaa nae umuoneshe linki ya kupelekea barua mtandaoni anaifungua vipi.

Na akitokea mtu wa wasap anataka umtumie pesa ili "akupitishie jina" mblock. Chevening kuomba ni bure.

Passport anza kuishughulikia mapema. Jengine, tizama saa ya kufunga maombi, ikiandikwa 12:00 UTC, yaani saa ya kimataifa, ujue kwetu ni saa tisa alasiri, sio saa sita usiku wala saa kumi na mbili jioni, na siku ya mwisho mtandao unakuwa mzito, peleka fomu siku mbili tatu kabla.