Jibu: Kuogelea na pomboo kwenye safari ya meli

Mkuu, umeuliza kama uwalipie watoto wakaogelee na pomboo meli itakapotia nanga Cozumel, kile kisiwa cha Mexico. Sikufichi, raha ipo: maji yametulia, mkufunzi yuko pembeni, na mtoto anamgusa mnyama ambaye baharini angeishia kuona pezi lake tu. Ngozi yake ni laini kama yai lililomenywa. Lakini ana nguvu huyo, na akichoshwa na watu huuma au kugonga.

Kinachonikwaza ni upande wa pomboo mwenyewe. Baharini pomboo huogelea makumi ya kilomita kwa siku. Pale anazunguka kizimba, kundi la wageni likitoka lingine linaingia. Lile tabasamu lisikuhadae, ni umbo la taya tu, hata akiumwa linabaki vilevile. Mexico yenyewe mwaka 2025 ilipitisha sheria ya kupiga marufuku maonyesho ya pomboo, kwa hiyo uliza kwanza kama ziara hiyo bado ipo.

Mimi ningechukua boti ya kuwatazama kwa mbali, ile isiyowakimbiza. Huenda msiwaone, na hela ndiyo imeenda. Ukiamua kizimba, soma masharti ya kughairi kabla hujalipa. Picha nazo mara nyingi hulipiwa kando.