Moro 260, Gari 400, Mbona Chenji Haibaki?

Mwezi huu barua za magari ya umeme zimezidi hata za giabox, sijui ni bei ya petroli au watu wa Mtumba, mji wa serikali, wameambizana, basi leo naweka pembeni mambo ya plagi na oili nazijibu hizi tatu.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mtumishi nakaa Nzuguni hapa Dodoma, nimechukua Nissan Leaf ya 2018 used kutoka Japani, betri ya kWh 40, kwenye tangazo waliandika inaenda km 400 kwa chaji moja. Nataka nikamsalimie mama Morogoro, kutoka hapa ni kama 260 tu, yani naenda na chenji inabaki. Ila jirani yangu kila nikipita na gari ananicheka, anasema nitalala njiani Gairo. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Jirani yako yuko sahihi nusu, Gairo utalala kweli lakini siku ya kurudi, sio ya kwenda.

Tuanze na hiyo 400. Haijatungwa na dalali, ni kipimo cha Wajapani kinaitwa JC08, gari inazungushwa kwenye roli za maabara taratibu kabisa, hakuna mlima, hakuna upepo, hakuna mama mkwe na gunia la mahindi kwenye buti. Wamarekani walipoipima gari hiyo hiyo kwa kipimo chao wakapata 240 na kidogo, na hapo ilikuwa mpya. Yako imeshatumika miaka kadhaa, na betri ya Leaf haina mfumo wa kupoozwa kwa maji kama za wenzake, joto inalimeza lenyewe, kwahiyo inachoka. Tafuta kile kidude kinachochomekwa chini ya usukani, kile cha OBD, uweke na programu ya LeafSpy kwenye simu, itakuonyesha afya ya betri kwa asilimia. Tuseme imekuletea 88. Maana yake kwenye ile 40 iliyoandikwa, cha kutumia kweli umebaki na kama yuniti 33.

Nasema yuniti makusudi, kWh moja ni yuniti moja, ile ile unayonunua ya LUKU. Ukiacha kuhesabu kilomita ukaanza kuhesabu yuniti, safari yote inakuwa kama bajeti ya nyumbani, na hapo hata mkeo anaweza kukusaidia. Zile kilomita za kwenye dashibodi achana nazo, gari inakisia kwa jinsi ulivyoendesha juzi mjini, ukitoka Nzuguni inakwambia 230 ukifika Chamwino imebadili maneno.

Leaf kwa spidi 80 barabara ya tambarare inakula yuniti 14 au 15 kwa kila kilomita 100. Dodoma mpaka Gairo ni kama 130, na upepo wetu unaujua, unatoka mashariki kwahiyo ukielekea Moro unakupiga usoni njia nzima mpaka Pandambili, weka yuniti 20. Unafika Gairo umebaki na 13. Kutoka Gairo mpaka Moro ni kama 130 tena lakini hapo sasa unashuka, Gairo mpaka Dumila unateremka karibu mita 800, gari ukiiweka kwenye gia ya B inarudisha umeme kwenye betri badala ya kuchoma breki, kwahiyo weka 16 tu. Una 13, unahitaji 16, na mimi sitaki ufike Msamvu, pale Moro, chini ya 5. Kwahiyo Gairo unaongeza yuniti 8, basi.

Na hapo usije ukajisahau kwenye chipsi ukaijaza mpaka asilimia 100! Nimeshamwona mtu anafanya hivyo. Betri ikiwa imejaa haina pa kuweka umeme wa mteremko, gari inakuwa nzito kusimama na unabaki unakanyaga breki mpaka Magubike huku malori yako nyuma yako. Ondoka Gairo na asilimia 64 au 65, inakutosha.

Kwa soketi ya kawaida ya ukutani, zile pini tatu, usivute zaidi ya ampea 10, hiyo inaingiza yuniti 2 hivi kwenye betri kwa saa moja. Yuniti 8 ni masaa manne. Ndio, masaa manne, kula, lala, piga simu zote ulizoahirisha. Ukisikia kuna chaja ya haraka mahali fulani piga simu kwanza na uulize kichwa cha waya, Leaf inatumia CHAdeMO ya Kijapani, magari ya Kichina yana GB/T na ya Ulaya CCS2, unaweza ukafika ukakuta chaja nzuri inawaka taa na haikuingii.

Sasa kurudi. Umejaza kwa mama kama masaa kumi na manne, 33 kamili. Mpaka Dumila raha tupu, alafu kile kipandio. Gari na watu wake ni kama tani 2, kila mita 100 inazopanda inakula zaidi ya nusu yuniti juu ya ile ya kawaida, kwahiyo Moro mpaka Gairo inaondoka 24. Unafika na 9. Dodoma inataka 18, upepo safari hii unakusukuma, jumlisha 5 za akiba, una upungufu wa 14 ambao ni masaa saba kwenye soketi. Ndo pale jirani anapocheka. Mwambie ndiyo nalala, nimeshaweka na chumba.

Kuhusu hicho chumba nina kidonda changu. Mwaka jana nililala gesti moja njia hiyo, nikaomba soketi, mhudumu akakubali bila shida, nikalipa na elfu tano ya ahsante, nikachomeka nikalala fofofo. Saa kumi na moja alfajiri nakuta gari ina asilimia 41, ile ile niliyokuja nayo plus vijiasilimia viwili vitatu, taa za gesti zote zimezimwa. LUKU iliisha saa tano usiku! Mhudumu ananiambia bosi hununua asubuhi. Tangu siku hiyo naomba namba ya mita kabla hata ya ufunguo, naweka mwenyewe elfu saba kwa simu, zinakuja kama yuniti 20, na risiti namwonyesha mhudumu tukiwa tumesimama wote mbele ya mita. Kingine uliza kama nyumba ina ethi, ule waya unaoingia ardhini, chaja nyingi zikikosa ethi zinawasha taa nyekundu zinagoma. Na ekstensheni ya kuzungusha ifungue waya wote utandaze chini, ukiuacha umejiviringa unapata moto kama pasi.

Nyumbani nako ujue, kama ulikuwa kwenye ile tarifu nafuu ya wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, Leaf itakutoa huko mwezi wa kwanza tu.

Ukiona yote haya ni kazi kuna SGR, nayo ni ya umeme, tangu Julai 2024 inatoka Dodoma inapita Moro na wala haikuulizi asilimia.

SWALI: Fundi habari, mimi ni mama wa watoto wawili, Ipagala. Tunaenda Singida kwa gari ya umeme na mume wangu akishafika Bahi anazima AC, anasema inamaliza betri, watoto wanapikika. Ni kweli?

JIBU: Nzuri dada, pole na watoto. Inakula lakini kidogo, ikishapooza ni kama yuniti moja kwa saa. Mpaka Singida ni 240, masaa matatu na nusu, yuniti tatu nne hivi. Mume wako mwangalie spidomita, huyo anatembea 100, nabisha? Ukitoka 80 kwenda 100 hewa inakuzuia mbele kwa nguvu zaidi ya mara moja na nusu, kwa safari hiyo anachoma yuniti kama 8 za bure, mara mbili ya AC. Na akifungua vioo kwenye hiyo spidi ndo anaongeza tena. Mwambie ashuke mpaka 80, awashe AC, na kile kilima cha kutoka Bahi kwenda Manyoni apande taratibu. Askari wa tochi watampungia mkono.

SWALI: Anko, Dodoma Iringa kwa kupitia Mtera inawezekana kwa gari hizi? Kijana wa mtaa wa Kikuyu, Dodoma.

JIBU: Inawezekana mjomba, ila ni Gairo iliyogeuzwa. Kwenda Mtera unashuka, utajisifu sana pale darajani, alafu mlima wa Nyang'oro unakudai yote mpaka Iringa, ni kama mita 900 za kupanda. Kwahiyo chaji Mtera wakati bado una nusu, usisubiri ishuke. Perege wa kukaanga wapo, masaa yatakwenda.