Rudia LSAT, mdogo wangu
Umesema umepata 154 kwenye LSAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya sheria Marekani, na majaribio yako matatu ya mwisho ya mazoezi hapo nyumbani Ujiji yalikupa 158, 160 na 159. Basi rudia. Hizo alama ni zako, siku ile zilikuponyoka tu. Kama majaribio nayo yangekuwa 154, ningekwambia usitoe hela kwanza mpaka ubadilishe namna ya kusoma.

Vyuo vya Marekani vitaziona alama zote mbili, ila vingi huipa uzito ile ya juu. Na unaruhusiwa mara 7 maishani, usiwe na hofu.

Mimi nilirudia. Kilichonisaidia ni daftari moja tu: kila swali nililokosa, naandika kwa Kiswahili kwa nini jibu nililochagua ni kosa. Ukishalitoa kwenye Kiingereza chake kizito, unaona palepale hoja ilipopinda. Nilikuwa nakaa barazani alfajiri, simu nimeitegesha dakika 35, kabla boti za dagaa hazijarudi Kibirizi na kelele hazijaanza. Ukitumia vitabu vya zamani, ruka ile michezo ya mantiki, iliondolewa Agosti 2024. Sasa zinahesabiwa sehemu mbili za hoja na moja ya ufahamu.

Halafu tafuta alama ya katikati (median) ya LSAT kwa wanafunzi wa chuo unachokitaka. Ukiivuka, nafasi ya kupata ufadhili inakua sana, na ile ada ya dola nani huku kwetu anaiweza? Unalenga chuo gani?