Ukitaka Ukocha wa Chuo Marekani, Chagua Bosi Kabla ya Jezi

Vijana wetu wa Columbus, Dallas na Des Moines wananiandikia sana siku hizi. Wengi walikuja huku wadogo, wakacheza futiboli ya Kimarekani sekondari, ile ya helmeti na mabega ya plastiki, na sasa wanataka kujua njia ya kuwa kocha wa chuo. Wazazi nao wananiuliza, kwa upole uliojaa shaka: "Mwanangu, hiyo nayo ni kazi?" Ni kazi, mama. Ila mlango wake ni mwembamba, na mshahara wa mwanzo unatia huruma.

Nilianza kama msaidizi huku nikisoma shahada ya uzamili. Leo ni kocha wa mabeki katika chuo kidogo. Ukiniuliza jambo moja tu la kushika, nitakwambia: angalia utakuwa chini ya nani. Jina la chuo lije baadaye.

Kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wake kwa kawaida wanaondoka naye, kwa sababu anayekuja anakuja na watu wake. Texas A&M ilipomfukuza Jimbo Fisher Novemba 2023, ilibaki na deni la kumlipa zaidi ya dola milioni 75 za mkataba uliovunjwa. Hayo ni ya wakubwa. Katika chuo kimoja nilichofanyia kazi tuliambiwa Jumapili asubuhi kwamba kocha mkuu hayupo tena, na kesho yake wengi wetu tukarudisha funguo. Hakuna aliyetudai wala tuliyemdai. Kilichonivusha ni simu ya mratibu wa ulinzi, yaani kocha anayesimamia safu yote ya ulinzi, niliyekuwa nikimfanyia kazi: amepata timu nyingine, anahitaji mtu anayemjua. Sikuulizwa wasifu.

Basi ukiwa chini, mfanyie kazi mtu huyo hadi akukumbuke. Kazi yenyewe iko hivi. Jumapili wachezaji wakipumzika, wewe uko kwenye kompyuta unapitia video za mpinzani ajaye. Kila shambulizi unaliandikia: ni jaribio la ngapi kati ya manne ambayo timu hupewa kusogeza mpira yadi 10, zimebaki yadi ngapi, walijipangaje, mpira ulikuwa upande gani wa uwanja. Jumatatu kocha atakuuliza: jaribio la tatu, yadi zaidi ya saba, hawa wanapenda kufanya nini? Ukijibu "mara nyingi wanarusha", hujasema kitu. Anataka kujua wanamrushia nani, upande upi, na yule mkimbiaji amesimama wapi kabla mpira haujaguswa.

Halafu zinakuja kadi. Mazoezini kikosi cha akiba kinamwigiza mpinzani, na vijana hao hawaujui mfumo wake, kwa hiyo unawachorea kila shambulizi kwenye kadi kubwa kwa kalamu nene: miduara 11, mishale, namba za jezi. Unaiinua juu sekunde chache, wanaitazama, wanakimbilia kujipanga. Novemba, upepo unapiga, vidole vimekufa ganzi, wino unachuruzika kwa manyunyu. Mshale mmoja ukikosewa Jumatano, beki wako atajifunza kukimbilia mahali pasipo na mtu, na Jumamosi, siku ya mechi, atakimbilia hapo hapo mbele ya watu wote. Mimi mchezo huu nimeujua kwa kalamu ile kuliko kwa kitabu chochote.

Kocha Nick Saban, mwenye ubingwa wa taifa wa vyuo mara 7, aliingia kwa mlango huo huo mwaka 1973 pale chuo cha Kent State. Ukocha haukuwa hata mpango wake. Mkewe Terry alikuwa hajamaliza masomo, kocha Don James akamwomba Saban abaki kusaidia. Timu yake mwenyewe ya kuongoza, ya chuo cha Toledo, aliipata mwaka 1990. Hesabu hiyo miaka, halafu uamue kama una subira.

Na vyuo vidogo usivibeze. Ligi ya juu kabisa ina vyuo zaidi ya 130, na huko msaidizi mpya anaweza kumaliza msimu bila kumfundisha mchezaji yeyote. Kalen DeBoer, aliyeichukua Alabama baada ya Saban mwaka 2024, alikuwa kocha mkuu wa Sioux Falls, chuo ambacho Wamarekani wengi hawakijui. Alishinda mechi 67 na kupoteza 3 tu. Kama hukucheza chuoni, usikate tamaa pia: marehemu Mike Leach hakucheza, alisoma sheria, na alizifundisha timu tatu kubwa.

Chuo kidogo kina mzigo wake. Daraja la tatu la michezo ya vyuo, ambako vingi vya vyuo hivi viko, halitoi udhamini wa masomo kwa ajili ya michezo, kwa hiyo unakaa mezani kwa mzazi ukimweleza ruzuku na mikopo. Hapo Kiswahili kimenilipa. Kuna mama mmoja kutoka Kivu aliyenipakulia sombe na ugali, akasikiliza hesabu yote ya ada kwa lugha yake, kisha akauliza swali ambalo makocha wenzangu hawakuwahi kuulizwa: "Akivunjika mguu, hiyo pesa inaendelea?" Uwe na jibu la kweli kabla hujabisha hodi.

Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia majina na sura zao, na kuhama chuo kumekuwa rahisi. Kila baridi unawasajili upya hata wachezaji wako mwenyewe. Wanaopenda kufundisha tu watachoka haraka.

Kwa mwenye viza ya mwanafunzi, F-1: muhula ukiendelea, ruhusa ya kazi chuoni ni saa 20 kwa wiki, na msimu wa futiboli hauijui hiyo namba. Zungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hujasaini chochote. Kocha anayekwambia "usijali, tutaandika 20" anachezea maisha yako, ya kwake yako salama.

Kila Januari makocha hukusanyika kwenye mkutano wao mkuu, na soko la ajira liko kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli. Nenda, hata kama utalala wanne chumba kimoja. Ukipata dakika zako na kocha mkuu, muulize waliokuwa kwenye kazi unayoiomba kabla yako wako wapi sasa. Mzuri atawataja papo hapo: huyu yuko Ohio, yule ana timu yake, mwingine aliacha na bado tunapigiana simu. Akianza kukusifia ukumbi mpya wa mazoezi, maliza kahawa yako, mshukuru, ukasalimie meza ya pili.