Tikisa Mmea Kabla ya Kunyunyiza: Vidukari na Inzi Weupe

Kwa karibu mwezi mzima nilipambana na inzi weupe ambao hawakuwepo. Majani ya pilipili yangu yalikuwa yametapakaa vitu vidogo vyeupe, nami, bila kuinama kuvitazama, nikatundika vibao vya njano vyenye gundi. Havikunasa inzi mweupe hata mmoja. Siku nilipochukua kioo cha kukuzia ndipo nilipobaini kwamba vile vyeupe vilikuwa ngozi tupu zilizovuliwa na vidukari walipokuwa wakikua, na wenyewe, wa kijani kama jani, walikuwa wamesongamana kwenye ncha changa.

Kosa hilo ni jepesi kulifanya, kwa kuwa wadudu hawa wote wawili hufyonza utomvu na kuacha majimaji matamu yanayonata, ambayo baadaye huota ukungu mweusi kama masizi. Kwa hiyo jani linalonata, au sisimizi wanaolipanda, halikuambii aliyepo ni yupi.

Mimi sasa huanza kwa kutikisa mmea. Inzi weupe huruka papo hapo kama unga uliopulizwa, kisha hurudi chini ya majani. Vidukari hubaki palepale. Halafu geuza jani: kidukari ana umbo la tone na vijimirija viwili nyuma ya mwili, ilhali tunutu (mtoto) wa inzi mweupe ni bapa, amenata kama gamba, na baada ya kutambaa kidogo anapoanguliwa hahami tena hadi apate mabawa.

Vidukari mimi huwaondoa kwa kuwapiga maji ya kasi, kwani wengi wakishaanguka hawarudi. Lakini rudia kila baada ya siku chache, maana jike huzaa watoto hai bila dume, na wachache waliosalia wanatosha kuujaza mmea upya. Ukiona mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, waache wawale hao vidukari.

Inzi weupe ni wasumbufu zaidi, nakiri. Maji ya sabuni huua yule tu yanayemgusa, na mayai husalimika, hivyo lenga upande wa chini wa majani, alfajiri kungali na ubaridi na wakubwa wakiwa wazito kuruka, na uendelee kila wiki kwa wiki nne au zaidi. Vibao vya njano hunasa wenye mabawa pekee. Ninavyo bado, ila kazi yake ni kunijulisha tu kwamba wamefika.