Daraja la miguu linatikisika: tulimwagie zege?

SWALI: Mhandisi, mimi ni mwanakamati wa mtaa huku Mukuru kwa Njenga. Tuna daraja la miguu la chuma juu ya mto Ngong, urefu mita 14, upana mita moja na nusu. Lina mihimili miwili yenye kimo cha milimita 300, na juu ni bamba la chuma. Asubuhi watu wakienda kazini Industrial Area linatikisika hadi akina mama waliobeba watoto wanajishikilia kwa vyuma vya kando. Fundi ametushauri tumwage zege la inchi 4 juu ya bamba ili litulie. Pesa tumeshachanga. Je, tununue mifuko mingapi ya saruji, na tuchanganye kwa kipimo gani?

JIBU: Msinunue hata mmoja. Hizo pesa zitunzeni, zina kazi nyingine nitakayoieleza.

Swali hili huja kila masika yanapokaribia, na kila mara kuna fundi nyuma yake mwenye dawa ileile: kitu kikicheza, kiongezee uzito. Hebu tupige hesabu ambayo yeye hakuipiga. Mita 14 kwa 1.5, kwa unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 2.1. Zege lina kilo 2,400 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo mnataka kupandisha tani 5 juu ya daraja ambalo chuma chake chote, kwa vipimo ulivyonipa, huenda hakifiki tani 3. Daraja la miguu husanifiwa libebe umati wa takriban kilo 500 kwa kila mita ya mraba, ambayo kwenu ni kama tani 10 na nusu. Zege peke yake litakula karibu nusu ya nafasi iliyotengewa watu, na litakaa pale mchana na usiku.

Na bado halitatulia. Mtu mzima akitembea mwendo wa kawaida hupiga hatua karibu 2 kwa sekunde. Mihimili ya kimo hicho, kwa urefu huo, hutetema yenyewe kama mara 3.4 kwa sekunde. Uzito ukizidi bila ugumu (yaani uwezo wa kukataa kupinda) kuongezeka, idadi hiyo hushuka, na kwa tani 5 za zege itashuka hadi mara 2 hivi. Fundi wenu atakuwa amelileta daraja lichezee mdundo uleule wa miguu ya watu. Ni kama kusukuma bembea: ukigusa kila inaporudi, nguvu ndogo tu huipandisha juu.

Fundi mjanja atasema zege litaongeza ugumu. Lingeongeza kama lingeshikana na mihimili kupitia vijiti vya chuma vilivyochomelewa kwa nafasi zilizopigiwa hesabu. Zege lililomwagwa tu juu ya bamba ni mzigo. Maji hupenya kati ya viwili hivyo, hayana pa kutokea, na bamba huoza kwa chini huku juu pakionekana safi. Pia mafundi hupenda kuunganisha zege hilo na kuta za kingo, zile zinazobeba ncha za daraja, ili "kazi ikamilike". Chuma cha mita 14 hurefuka kama milimita 5 joto lake likipanda nyuzi 30, na ndiyo maana ncha moja huachwa iweze kuteleza. Ukiifunga kwa zege, zile milimita 5 zitapasua ukuta.

Basi kutikisika kutatuliwe vipi? Kwanza kagueni kilicholegea: nati, vibamba vinavyokaa chini ya ncha za mihimili, na vyuma vya mshazari vinavyofunga mhimili mmoja kwa mwenzake. Hivyo vya mshazari ndivyo huibwa kwanza, kwa kuwa vimejificha chini na hakuna anayevitazama. (Mwaka 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, marufuku iliondolewa, wezi walikuwa hawajaenda popote.) Kurudisha vyuma hivyo na kukaza nati mara nyingi hupunguza nusu ya malalamiko. Ikibidi zaidi ya hapo, mhandisi ataongeza kimo cha mihimili kwa chini au atageuza vyuma vya kando viwe sehemu ya muundo, maana kimo huleta ugumu mwingi kwa uzito mdogo. Kuchomelea vipande juu ya kutu na kupaka rangi ni kuficha tu.

Na msisimamishe nguzo katikati ya mto kulitegemeza. Najua hilo ndilo pendekezo la pili la fundi. Nguzo katikati ya mto Ngong itanasa magodoro, nailoni na matawi kwa mvua moja, na maji yakikosa njia yatachimba chini yake.

Sasa nije kwenye linaloniudhi hasa. Watu wameshikilia kwamba daraja linalotikisika ni bovu na lisilotikisika ni zima. Daraja la miguu la Millennium jijini London lilifunguliwa Juni 2000, likayumba upande hadi upande chini ya umati, likafungwa baada ya siku mbili. Halikuwa dhaifu. Lilifungiwa vizuia mtikisiko, likafunguliwa tena 2002, na watu wanalipita. Daraja la barabara kuu juu ya kijito cha Schoharie, jimbo la New York, lilikuwa zito na tulivu. Tarehe 5 Aprili 1987 mto ulifurika, maji yakachimba chini ya msingi wa nguzo, daraja likaanguka na watu 10 wakafa. Mawe yaliyowekwa kukinga misingi yalikuwa yamebebwa na maji, na misingi yenyewe haikwenda chini vya kutosha.

Maji kuchimba chini ya msingi ndiyo sababu kubwa ya madaraja ya mtoni kuanguka, duniani na hapa kwetu. Nairobi imeongeza lake: kingo zimejazwa vifusi na nyumba hadi mto ukawa mwembamba, na maji yaleyale yakipitishwa pembamba hukimbia zaidi na kuchimba zaidi. Takataka zikijikusanya chini ya sakafu ya daraja, mkondo husukumwa chini kuelekea msingi. Waliokuwa Mathare na Mukuru mvua za Aprili na Mei 2024 hawahitaji kuelezwa nguvu ya maji hayo.

Uovu wa shimo hilo ni kwamba haliachi ushahidi. Mafuriko yanapopungua, tope hurudi na kulijaza, na kesho yake unaona mto uko sawasawa kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa hiyo jicho halitoshi. Maji yakishuka chini ya magoti, chukua nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 2, uidunge wima pembeni kabisa mwa ukuta wa kingo, kila baada ya nusu mita, mbele na kwenye pembe zote mbili. Pembe ya upande maji yanakotoka ndiyo ya kushuku zaidi. Palipo pazima nondo itagonga mwamba au udongo mgumu na kurudisha mkono. Palipochimbwa itazama laini. Pima imezama kiasi gani, andika kwenye daftari, na ulinganishe na mafuriko yajayo. Nondo ikizama kupita kitako cha msingi, ipinde ncha kidogo uvute ukielekea ukutani. Isipokwaruza kitu, chini ya msingi pana uwazi. Fungeni daraja siku hiyohiyo.

Tazameni pia sehemu kavu. Nyoosheni uzi kutoka ncha moja ya vyuma vya kando hadi nyingine. Ncha iliyozama itajitokeza. Ngazi iliyozuka kati ya njia na sakafu ya daraja, au ufa mpya wa mshazari ukutani, maana yake kitu kimeshuka. Msidanganyike na nyufa za udongo mweusi wa upande wenu, unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Ufa wa udongo hufunga mvua ikinyesha. Wa msingi huzidi.

Pesa zenu ziende huku. Msitupe magunia ya udongo, wala msimwage zege teketeke ndani ya maji yanayotembea: saruji itaoshwa mkabaki na kokoto. Kinachofaa ni gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe magumu makubwa kuliko matundu ya waya, milimita 150 hadi 250. Chini yake litandikwe kwanza turubai maalumu linalopitisha maji na kuzuia udongo. Bila hilo, udongo hunyonywa kupitia katikati ya mawe. Tabaka la chini lilale bapa na lisogee mbele ya ukuta, ili maji yakichimba lianguke ndani ya shimo na kulifunika. Upana na kina atavitoa mhandisi baada ya kuuona mto.

Kisha kuna lile jaribio maarufu: "Tulipandisha vijana 60, halikuanguka." Hilo lilipima mihimili siku ya jua. Daraja hujaa kweli siku ya mafuriko, mtaa mzima ukija kutazama maji, na saa hiyohiyo ndiyo msingi uko dhaifu kuliko wakati wowote. Maji yakigusa mihimili, kamba ncha zote mbili na watu wawili wenye sauti kila upande, na pasifunguliwe mpaka mdunge nondo pande zote na kila mahali irudishe mkono.

Kazi ya ndani ya mto inahitaji idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na madaraja ya miguu ya mitaa huwa ama ya Kaunti au ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Peleka barua pamoja na vipimo vya nondo na picha zenye tarehe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Yeyote atakayejiita mhandisi, muulize nambari yake ya usajili wa Bodi ya Wahandisi (EBK) na uithibitishe kwa bodi yenyewe. Halafu mpe gambuti mshuke naye mtoni. Akisema ameshaona ya kutosha kutoka juu, mpe nauli arudi alikotoka.