Jibu: Mwaloni mweupe au mwekundu kwa meza ya kulia chakula?

Ndugu, umeuliza kama mbao za mwaloni zinafaa kwa meza ya kulia chakula, na kama uchague mwaloni mweupe au mwekundu. Zinafaa sana, kwa kuwa ni ngumu na hudumu miaka mingi. Vitundu vya mwaloni mweupe huwa vimezibika kwa ndani, ndiyo maana mbao zake hutengenezewa mapipa ya mvinyo, ilhali vya mwaloni mwekundu viko wazi kiasi kwamba ukichovya majini ncha moja ya kipande kifupi na kupuliza ncha ya pili, utaona mapovu yakitoka. Kwa meza itakayomwagikiwa maji na chai mara kwa mara, ningechukua mweupe bila kusita.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni tanini, yaani kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao hizi. Mwaloni ukigusana na chuma penye unyevu hutokea madoa meusi yasiyofutika kwa kitambaa, kwa hiyo tumia skrubu zisizoshika kutu. Hakikisha pia mbao zimekauka barabara kabla hujaanza kuunga, na ukipata zilizopasuliwa kuelekea kiini cha gogo, zichukue hizo, maana hazijikunji sana kama nyingine.